Kuhama kwa ombi lako: je, miaka yako ya kupanda daraja inaanza upya?

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Rukwa, nafundisha Kiswahili na Historia. Niliajiriwa Juni 2021 kwa shahada, niko TGTS D (daraja D katika ngazi za mishahara ya walimu), na ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu hapa wilayani imeniambia jina langu limo kwenye orodha ya wanaopanda kwenda E mwaka huu wa fedha. Mume wangu yuko Korogwe, na mtoto wetu wa miaka miwili anamjua baba yake kwa simu kuliko kwa sura. Nimempata mwalimu wa Korogwe mwenye masomo kama yangu anayetaka kurudi kwao Rukwa, tubadilishane. Yeye ni wa ajira ya 2014, yuko F. Wenzangu shuleni wananitisha kwamba ukihama kwa ombi lako unaanza sifuri. Mmoja amenitumia ujumbe wa WhatsApp unaosema anayehama kwa hiari huwekwa mwisho wa orodha. Ni kweli? Na nikibadilishana na huyu mwenzangu, nitahesabiwa nafasi yake au yangu?

JIBU: Marahaba, mwalimu.

Huanzi sifuri. Daraja lako, tarehe uliyopewa daraja hilo na tarehe ya ajira yako ya kwanza ni vyako, unahama navyo kama unavyohama na cheki namba yako. Ila usifunge mizigo bado. Ulichoniuliza ni ukongwe kazini, na hapo huna tatizo. Linaloweza kukuumiza umelitaja kwa kupita tu: kwamba jina lako limo kwenye orodha ya mwaka huu wa fedha. Nitafika huko.

Kwanza hiyo sifuri. Nimekuwa afisa utumishi kwenye halmashauri tatu kabla ya kustaafu, na uvumi huu nimeukuta kote. Haujatoka hewani. Mwaka mmoja tulipokea walimu wawili waliohamia kwetu kwa maombi yao. Mmoja alikuja na bahasha ya kaki imejaa nakala za barua zake zote; mwingine alikuja na barua ya uhamisho peke yake, akijua jalada lake litafuata. Jalada lilifuata baada ya miezi minane. Katikati hapo tange ikaandaliwa. Karani akafungua jedwali lake, akafika kwenye safu ya tarehe ya kupandishwa daraja la sasa, hana barua ya kumwonyesha. Angeacha wazi, fomu ingerudishwa. Akaweka tarehe iliyokuwa mbele yake, yaani tarehe ya kuripoti kituoni. Kwa tarakimu nane tu, mwalimu aliyekuwa na miaka mitatu kwenye daraja lake akawa na miezi mitano. Mwaka uliofuata wenzake walipanda, yeye akabaki. Akaenda kwa walimu wenziwe akawaambia ukihama unaanza sifuri, na kwa alivyoona yeye, hakusema uongo. Ilituchukua muda mrefu kulirekebisha, na makosa yalikuwa ya ofisi yetu.

Kwa wasiofahamu, tange ni ile orodha ya watumishi iliyopangwa kwa ukongwe. Ina jina, cheki namba, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ajira ya kwanza, tarehe ya kuthibitishwa, cheo cha sasa na tarehe ya kukipata, elimu. Kinachokupanga juu au chini ya mwenzako ni tarehe ya cheo cha sasa. Mkilingana hapo, ndipo huangaliwa nani aliajiriwa mwanzo. Tarehe ya kuripoti kituo kipya haina kazi katika hesabu hiyo. Ipo kwa ajili ya utawala, kujua nani yuko wapi.

Sasa ule ujumbe wa WhatsApp. Kanuni ya namna hiyo ipo duniani, ila si yetu. India ndiko mtumishi wa serikali kuu anayehama kwa ombi lake kwenda kitengo kingine huwekwa chini ya wote wa cheo chake anaowakuta. Mantiki yake inaeleweka: kule ukongwe unahesabiwa ndani ya kitengo, na cheo cha juu hupatikana kikiwa wazi hapo hapo, kwa hiyo mgeni anayekuja na miaka yake kumi angewaruka watu waliokuwa wakisubiri kiti hicho tangu ujana wao. Hata huko, Mahakama ya Juu ya India ilisema, katika shauri la C.N. Ponnappan, kwamba mtu huyo anapoteza nafasi kwenye foleni lakini miaka aliyofanya kazi alikotoka inahesabika anapotazamwa kama ana uzoefu wa kutosha kupanda. Kwa maneno mengine, foleni ni kitu kimoja na sifa ya kupanda ni kitu kingine. Shika tofauti hiyo, maana itakusaidia hapa Tanzania pia.

Kwetu, daraja la mwalimu halimsubiri mtu astaafu au afe ndipo lipatikane. Mwalimu wa D akitimiza muda uliowekwa na muundo wa utumishi wake, akiwa amethibitishwa, utendaji wake ni mzuri na hana shauri la nidhamu, anastahili E hata kama shule nzima ni ya watu wa E. Ukienda Korogwe humkalii mtu kichwani, ndiyo maana hakuna sababu ya kukushusha. Isitoshe, mamlaka yako haibadiliki. Mwajiri atabadilika, kutoka Mkurugenzi mmoja kwenda mwingine, lakini anayekupandisha daraja ni Tume ya Utumishi wa Walimu, ile iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya 2015, na ofisi yake ya wilaya iko huko uendako kama ilivyo hapo ulipo. Unatoka chumba kimoja kwenda kingine ndani ya nyumba ileile.

Vyeo vya madaraka ni habari nyingine. Ukuu wa shule, uafisa elimu kata, utaaluma, hivyo ni viti, na kiti hakihami. Mkuu wa shule akiomba kuhama anaondoka na daraja lake, anaacha ofisi, ufunguo na posho ya madaraka. Wewe hukuniambia una cheo cha namna hiyo, kwa hiyo tuliache.

Na huyo mwenzako wa F? Kila mtu anabeba chake. Hurithi miaka yake, naye harithi mikosi yako. Mnachobadilishana ni kituo, basi. Wala tofauti ya madaraja yenu haiwezi kukufanya wewe uonekane mdogo wake huko: tange haina kumbukumbu ya nani alikuja badala ya nani. Muhimu kwa waidhinishaji ni kwamba masomo yanalingana, ili shule ya Rukwa isibaki bila mwalimu wa Historia. Niseme pia kwamba kubadilishana ndiyo njia nyepesi kuliko zote, kwa sababu ikama, yaani idadi ya watumishi, ya kila upande inabaki ilivyo. Anayeomba kuhama peke yake, hasa kutoka mikoa ya pembezoni kuelekea mjini, hukutana na jibu lilelile la upungufu wa walimu mpaka achoke.

Tuje kwenye jambo lenyewe.

Kustahili kupanda ni sharti la kwanza tu. La pili ni fedha. Kila mwajiri huandaa ikama na bajeti ya mishahara yake mapema, miezi kadhaa kabla ya Julai, na humo huandika idadi ya watakaopandishwa na gharama yake. Kibali kikitoka Utumishi, yaani ofisi kuu ya serikali ya utumishi wa umma, kinakuja kwa mwajiri huyo, kwa idadi ile, kwa majina yale. Halmashauri yako ya Rukwa ilikuhesabu wewe. Korogwe haikukuhesabu, kwa sababu walipokaa kuandaa bajeti walikuwa hawakujui. Walimhesabu huyo mwenzako kwenye mshahara wake wa F, na hukuniambia kama yeye yumo kwenye orodha ya kupanda.

Ukihama kabla barua ya E haijatoka, unaweza kujikuta hivi: Rukwa wanakuondoa kwenye orodha kwa kuwa si mtumishi wao tena, Korogwe wanakupokea kwa moyo mkunjufu na kukuambia subiri bajeti ijayo. Umestahili, hukupokonywa hata siku moja ya utumishi wako, na bado umepanda mwaka mmoja nyuma ya wale mlioripoti nao Juni 2021 mkiwa na mabegi mgongoni. Na mwaka huo hauishii hapo. Tarehe ya E ndiyo itakayohesabiwa kwenda F, na ya F kwenda G. Ukichelewa mwanzoni, unachelewa ngazi zote zinazofuata, mpaka itokee serikali ifanye mserereko, yaani kuwapandisha waliocheleweshwa ili wawafikie wenzao, kama ilivyofanya kwa wale walioumizwa na usimamishaji wa mwaka 2016, wakati madaraja yalipowekwa kando kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti vya kughushi. Mserereko ni huruma ya serikali kwa tatizo la wengi; usiuweke kwenye mipango yako.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Anza maombi sasa, kwa sababu yanachukua muda, lakini lengo lako liwe kuondoka Rukwa ukiwa na barua ya E mkononi na mshahara mpya umeonekana kwenye salari slipu. Barua peke yake haitoshi. Nimewahi kuona watu wenye barua nzuri, zenye mhuri na saini, ambao mshahara wao haukubadilishwa kwenye mfumo kabla ya kuhama, wakawa wanasukumwa kati ya ofisi mbili: huku wanaambiwa mamlaka iliyotoa barua ndiyo ibadilishe, kule wanaambiwa fungu lako halipo kwetu tena. Mwezi mmoja wa kusubiri kuona slipu ni nafuu kuliko miezi kumi ya kufuatilia malimbikizo.

Najua utaniuliza: na kama barua haitoki mpaka Juni? Hapo ni wewe na mume wako. Mimi naandika kama mtu wa mafaili, na mtoto anayemjua baba yake kwa simu hayumo kwenye jedwali langu lolote. Tofauti ya mshahara kati ya D na E kwa mwaka mmoja unaweza kuikokotoa mwenyewe kwa kalamu; ukiilinganisha na nauli za Sumbawanga hadi Korogwe, kukodi nyumba mbili na kulipa dada wa kazi, huenda kuhama mapema kukawa na faida hata kwa shilingi. Wengine wamehama hivyo wakijua, na hawajuti. Ninachotaka ni uamue ukiwa unajua gharama, usije ukaigundua Januari ijayo.

Kuna tatizo la kalenda pia. Kwa familia na kwa wanafunzi, wakati mzuri wa kuhama ni Desemba, mwaka wa shule ukiisha. Lakini mwaka wa serikali unaanza Julai na kwisha Juni, na tathmini ya utendaji inafuata huo. Ukihama Desemba unaukata katikati mwaka wa PEPMIS, ule mfumo wa kompyuta wa tathmini ya utendaji. Zamani kwenye OPRAS, mfumo uliotangulia, fomu ilikuwa ya karatasi, msimamizi wa zamani alijaza nusu yake, ukaibeba. Sasa yote yamo kwenye mfumo: kazi zako zimeingizwa chini ya mkuu wa shule wa Rukwa, naye ndiye anayezithibitisha. Ukiondoka bila yeye kuthibitisha ulichokwisha kufanya, utafika Juni na alama za miezi sita tu, huku msimamizi mpya akisema hakuiona kazi yako ya Agosti. Kabla hujaaga, kaa naye, mfungue ukurasa wako pamoja, apitishe kila kilicho chake. Halafu ukifika, hakikisha jina la msimamizi kwenye mfumo limebadilika. Nimekuwa nikisikia hili likiwaangusha watu zaidi kuliko lile jalada la masjala tulilokuwa tukililia sisi, na linauma kwa sababu tangu Sera ya Menejimenti na Ajira ya 1999 upandaji wetu umeegemea utendaji. Ukongwe huitwa kuamua pale sifa zinapolingana na nafasi za fedha hazitoshi wote. Mtu mwenye tarehe nzuri na tathmini tupu hana cha kujivunia.

Maombi yenyewe siku hizi ni kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa mtumishi kujihudumia. Unaingia kwa akaunti yako, unajaza unakotaka kwenda na sababu, unaambatisha cheti cha ndoa kwa kuwa unamfuata mwenza, na mwenzako anafanya hivyo kwa upande wake. Yanapita kwa mkuu wa shule, kwa waajiri wote wawili, na kwa kuwa mnavuka mkoa yanaishia TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hakuna hatua hata moja inayohitaji mtu wa kati. Vishoka wa uhamisho wapo, wana namba za simu na majina ya maofisa wanaodai ni ndugu zao. Ukiletewa barua ambayo haionekani kwenye akaunti yako, hiyo ni karatasi. Na mtu aliyehamia kwa karatasi ya kughushi hapotezi daraja tu, anapoteza kazi.

Usiondoke kabla ya kibali. Nalisema hili kwa sababu wanaobadilishana huwa na haraka: mmeelewana, mkuu wa huku hana neno, wa kule amekubali kwa mdomo, basi mnapishana Morogoro kila mtu na lori lake. Kutokuwepo kazini siku tano bila ruhusa ni kosa la kumfukuzisha mtu kazi, na hata ukisamehewa, shauri la nidhamu likiwa wazi hakuna anayekugusa kwenye orodha ya kupanda.

Gharama ni zako. Anayehamishwa kwa manufaa ya umma analipwa posho ya usumbufu, ya kujikimu na kusafirishiwa mizigo. Anayehama kwa ombi lake halipwi kitu. Kuna watu huomba kwa hiari, wakifika wanafungua madai. Hawapati, na wanaanza vibaya na mwajiri mpya.

Kwa upande wa pensheni hakuna kinachokatika. Utaendelea PSSSF ileile, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Angalia tu taarifa ya michango yako baada ya miezi mitatu, kwamba mwezi wa mpito haukurukwa.

Naomba niongeze jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu mume wako au mtu mwingine anaweza kukushauri hivi: kwamba kama walimu wa Historia wamejaa Korogwe, uhamie huko kwa kubadilisha kada, uwe afisa maendeleo ya jamii, kwa mfano, ukiwa na sifa za muundo huo. Hapo ndipo maneno ya wenzako yanakuwa kweli. Anayebadilisha kada anaingia kwenye ngazi ya kuanzia ya kada mpya. Kama mshahara wake wa zamani ni mkubwa kuliko wa ngazi hiyo, hatapunguziwa, atabaki nao kama mshahara binafsi, lakini miaka ya kupanda inahesabiwa upya kuanzia tarehe ya barua ya kada mpya, na anaweza kukaa miaka akipandishwa cheo bila shilingi kuongezeka mpaka ngazi mpya iufikie mshahara wa zamani. Nimekutana na watu waliodhani wamehama tu, kumbe wamebadilishwa kada. Barua zote mbili zinafanana kichwa, na tofauti iko kwenye aya ya pili. Soma aya ya pili ya barua yako, mwalimu. Ikitaja cheo na ngazi ya mshahara tofauti na ulivyo leo, usiipokee kwa saini kabla ya kuuliza.

Mwisho, ile bahasha ya kaki. Kabla ya kuondoka nenda masjala ya wazi na ofisi ya Tume, piga nakala ya barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, ya E itakapotoka, na tathmini zako zote. Zichanganue uziweke kwenye simu pia. Jalada lako liondoke hapo kwa kumbukumbu namba, nawe uwe na namba hiyo. Ukiripoti Korogwe, kabla hata hujaulizia nyumba, mpe nakala afisa utumishi na umwachie ofisa wa Tume seti yake. Halafu tange ya kwanza itakayoandaliwa ukiwa huko, omba kuonyeshwa mstari wako. Itazame safu ya tarehe ya daraja la sasa. Ikiwa imeandikwa siku uliyoshuka kwenye basi Korogwe, hujaanza sifuri: karani amekosea, na wewe unayo barua ya kumrekebishia hapohapo.